Mlosi Mwenye Zipu

Neno lililoleta balaa nililisema mimi mwenyewe, kwa kinywa changu, kupitia spika mbili zilizofungwa juu ya gari. Nalisema hili mapema ili asije mtu akadhani nasimulia ujinga wa watu wa Busia. Wajinga walikuwepo, ndiyo, lakini aliyewatangulia ni mimi, tena nikiwa nimevaa tai.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Kampuni moja ya sabuni ilikuwa imeniajiri nizunguke na gari la sinema, mimi na dereva. Dereva alikuwa Mkamba, mtu mzima, asiyependa mchezo, na ndiye pia aliyeendesha mashine ya picha. Kazi yangu mimi ilikuwa mdomo. Mchana tulipita sokoni polepole nikitangaza, "Sinema leo, sinema leo, ya bure, njooni nyote." Jioni tulitandaza shuka kubwa jeupe kati ya nguzo mbili, tukaonyesha kwanza mama anayefua shati la mumewe mpaka linang'aa, kisha picha yenyewe. Picha zilikuwa za Kizungu, kwa hiyo dereva alipunguza sauti nami nikawaeleza watu kinachosemwa. Nilipoelewa, nilitafsiri. Nisipoelewa, nilitunga. Hakuna aliyewahi kulalamika, nikaanza kujiona bingwa.

Safari hiyo tulipewa picha mpya, na kusema kweli ilikuwa takataka. Kuna hoteli kando ya kinamasi. Ndani ya kinamasi linatoka dude lenye magamba na macho ya kung'aa. Mwenye hoteli, bwana mnene, hataki wageni wake wakimbie, basi analificha: mara alivike kofia, mara aliketishe mezani na kulifunga kitambaa shingoni. Ilikusudiwa watu wacheke, na katikati ya kicheko washtuke. Pesa za kutengenezea zilikuwa kidogo, hilo lilijionyesha. Msichana akikimbizwa msituni alipita mti uleule mara tatu. Dude lenyewe lilikuwa mtu aliyevaa ngozi ya mpira, ukiangalia vizuri unaona inakunjamana magotini. Mikono ya ule mpira ilikuwa migumu, haikunji kiwiko. Na unyayo wa mguu wa kushoto ulikuwa umeachia, kwa hiyo yule mtu ndani alikuwa akiuburuta.

Tulionyesha mara ya kwanza Jumatano, kwenye uwanja wa nyasi nyuma ya soko la Busia. Saa moja giza lilikuwa limeshika vizuri. Watu walitoka Bukhayo, walitoka Busibwabo, na wengine walivuka kutoka upande wa Uganda na viti vyao kichwani, hakuna aliyewauliza kitu. Mwanzoni walicheka sana. Dude nililiita linani, lile linani la hadithi za jioni ambalo humeza watu wa kijiji kizima na mwishowe likikatwa kidole kidogo wanatoka wote wazima. Kila mtu pale alikua akisimuliwa linani nyumbani kwa nyanya yake. Walilizomea, wakalipachika majina.

Halafu dude likafika kwenye mlango wa msichana. Lilitaka kubisha hodi, lakini mikono haikunjiki. Basi likageuka, likaupa mlango mgongo, likainama kidogo, na kuugonga kwa makalio. Mara moja. Likangoja. Likagonga tena. Likangoja.

Waliotengeneza picha walikusudia kichekesho, na mahali pengine popote pangekuwa kichekesho. Lakini kwetu kule, kuanzia Teso mpaka ziwani, kila mtu anajua ni nani anayekuja usiku kugonga mlango wako kwa makalio. Nilishtuka hata mimi. Kabla sijafikiri nikateremsha sauti na kusema ndani ya maikrofoni, taratibu, "Huyu sasa si linani. Huyu ni mlosi."

Asiyetoka kwetu huenda akaona maneno hayo mawili ni yaleyale. Siyo. Linani ni la hadithi, halina shamba, halina jirani. Mlosi ni mtu. Mchana anapalilia mahindi, anakusalimu, anakuuliza habari ya mgonjwa wako. Usiku anavua nguo na kukimbia kwenye maboma ya watu, anarusha mchanga juu ya paa, anagonga mlango, na kesho yake anakusalimu tena. Ukisema linani, mtu anakumbuka nyanya yake. Ukisema mlosi, mtu anageuza shingo aangalie amekaa karibu na nani.

Ndivyo walivyofanya. Kicheko kilikatika. Kilichobaki ni mlio wa jenereta, na kule kwenye shuka jeupe makalio ya mpira yakigonga mlango bila sauti. Nikiwa juu ya gari niliona jambo ambalo sijaliona tena maishani. Watu walianza kusogea. Hakuna aliyesimama, hakuna aliyesema neno, walijiburuta tu kwa kukaa, kila wa nyuma akitaka kuwa wa mbele, mpaka umati wote ukajikusanya chini ya shuka na nyuma yao nyasi zikabaki tupu. Hakuna aliyetaka kukaa wa mwisho. Viti vyao viliachwa kule gizani, vimepangwa, kana kwamba kuna wengine wamevikalia.

Na mimi nilifurahi. Haki ya Mungu, nilifurahi, nikaona nimewakamata.

Kesho yake asubuhi nilienda kunywa chai sokoni ili nisikie sifa zangu. Kibanda kizima kilikuwa kinajadili picha. Taniboi mmoja, utingo wa lori la kutoka Mombasa, alisema yeye ameona sinema nyingi na hii ni mpira mtupu, hata gurudumu lake la akiba linatisha zaidi. Mzee wa Kiteso, mfugaji, aliuliza mnyama gani huyo asiyekula majani wala nyama picha nzima, sasa alikuwa anatafuta nini kwa watu. Mama aliyeuza ndizi mbivu alikasirishwa na msichana: kwa nini kila mara akimbilie msituni na nyumba za watu ziko palepale, na kwa nini hoteli kubwa vile haina hata mbwa mmoja.

Tulikuwa tunacheka vizuri. Kisha fundi cherehani mmoja, Mganda aliyekuwa na mashine yake kwenye varanda ya duka, akasema, "Lakini boss, ile zipu imeshonwa vibaya."

"Zipu gani?" nikamuuliza.

"Zipu ya mgongoni. Akigeuka kugonga mlango unaiona, kutoka shingoni mpaka kiunoni. Mimi ni fundi, nimeiona."

Nikasema, "Ndiyo, si unaona? Ni nguo tu. Kuna mtu ndani."

"Kwani nani amekataa?" akasema mama wa ndizi. Aliweka kikombe chini. "Ndiyo tunasema hivyo. Kuna mtu ndani. Mlosi anavua ngozi akifika kwake, anaitundika, asubuhi anakuwa mtu. Tulikuwa tunasikia tu. Sasa tumeona anapofungulia."

Nilicheka peke yangu. Mzee wa Kiteso aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa swali lake. Ndipo mwanamke mmoja wa Busibwabo, aliyekuwa amekaa kimya na kikapu magotini, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na ule mguu tunaujua."

Hakuna aliyemuuliza mguu wa nani. Walimalizia chai yao na kuondoka mmoja mmoja.

Mimi pia niliujua huo mguu. Gari letu tulikuwa tunalilaza ndani ya ua wa stoo ya pamba, na mlinzi wa stoo alikuwa mzee mmoja wa Busibwabo mwenye koti kuukuu la jeshi. Robota la pamba lilikuwa limemwangukia miaka mingi nyuma, mguu wa kushoto ukafa, akawa anauburuta. Mkewe alikwisha kufa, mabinti zake waliolewa mbali, aliishi peke yake. Usiku alizunguka na taa yake, mchana alilala. Kila asubuhi na jioni alituchemshia maji ya kunawa kwenye debe bila kuombwa, na alikuwa na tabia ya kunitilia njugu karanga mfukoni bila kusema, nikija kuzikuta barabarani. Picha yenyewe hakuiona, alikuwa kazini.

Alhamisi jioni nilimkuta ameketi kwenye ngazi za stoo na hajachemsha chochote.

"Kijana," akaniambia, "leo nimepita kwa jirani kuchukua moto, wamefunga mlango. Nimepita kwa mwingine, wamefunga. Watoto wananiona wanakimbia. Halafu mzee wa mtaa amenitumia mtu. Jumapili baada ya kanisa watu wa kwetu watakaa kikao. Wanataka nihame."

"Kwa sababu gani, mzee?"

"Wanasema nimeonekana kwenye sinema." Aliniangalia. "Wewe ndiye unaonyesha sinema. Nimeonekana?"

Nilimwambia hapana, ni mchezo wa Wazungu, ni mpira. Sikumwambia kwamba neno lilitoka kwangu. Lilinifika kooni nikalimeza. Niliona aibu, na aibu yangu ikanifanya mkali, nikamwambia asisikilize maneno ya sokoni, kana kwamba kosa ni lake kusikiliza. Nilijua kikao cha namna hiyo huishaje. Mtu akiambiwa ahame na asihame, nyumba yake ya nyasi haichukui muda kuungua.

Ijumaa tulionyesha Malaba, kwa madereva wa malori na makarani wa mpakani na watu waliokuja kutoka Amagoro. Nilisema linani mwanzo mpaka mwisho. Lilipogonga mlango nikasema, "Linani limesahau ufunguo," na watu wakacheka mpaka wakalala kwenye nyasi. Picha ileile, mguu uleule, zipu ileile. Nilirudi kwenye gari nikamwambia dereva kila kitu.

Dereva alifunga kwanza sanduku la filamu. Kisha akasema, "Mdomo wako utakuja kuua mtu." Lakini alikubali. Jumamosi tulipangiwa kupumzika. Tungerudi Busia tuionyeshe tena. Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Ningewaambia nilikosea, ni linani. Na dude likigeuka, dereva angesimamisha picha palepale, ili watu waione zipu kwa nafasi, waone meno yake, waone ni kitu cha dukani. Nilimwomba na mzee aje, akae mbele, watu wamwone mtu na walione dude, viwili tofauti, kwa wakati mmoja.

"Mashine hii ukisimamisha picha, taa inaichoma," dereva alinionya. "Nakupa sekunde chache tu."

Jumamosi watu walikuja wengi kuliko Jumatano, na hawakuja kucheka. Walikaa wamebanana tangu mwanzo. Mzee alikuja na koti lake na kigoda chake, akakaa mbele kabisa, na pande zake zote nyasi zilibaki wazi. Mama anayefua shati alipita bila mtu kusema neno. Nikashika maikrofoni, nikawaambia kwamba Jumatano nilikosea, kwamba hili ni linani. Sauti moja kutoka katikati ikasema, bila haraka, "Amepewa kitu amfichie mzee." Wakakubaliana kwa mguno.

Niliendelea. Dude likatoka majini, likavikwa kofia, likaketishwa mezani, yote katika ukimya ulioonekana kuwafikia hata vyura wa bondeni. Likafika mlangoni. Likageuka. Nikampigia dereva mluzi, naye akasimamisha.

Mgongo ukajaa shuka lote. Zipu ilionekana waziwazi, ndefu, imepinda karibu na kiuno pale fundi alipolalamikia. Nikasema, "Angalieni. Hiyo ni zipu. Ni kama ya suruali yangu hii. Mlosi gani ananunua zipu dukani?" Kama kuna mahali pa kucheka, ni pale. Hakuna aliyecheka. Walikuwa wanasubiri ifunguke.

Na ikafunguka. Doa la kahawia lilitokea katikati ya mgongo, dogo, likatanuka, likafanya malengelenge kwenye kingo, kisha mgongo wote ukapasuka kutoka zipu kwenda kando na mwanga mweupe ukatoka ndani. Nilijua ni filamu inaungua. Nilijua, na bado nilijisogeza nyuma. Harufu yake ilitufikia, kali, na umati ukavuta pumzi kwa pamoja. Dereva alizima taa. Tukabaki gizani wote, na kitu pekee nilichokiona ni mzee, kivuli chake, amesimama mbele ya shuka na mkono wake mmoja umeenda nyuma, mgongoni.

"Ameungua," mtu mmoja akasema.

Waliondoka kimyakimya, hawakuwasha hata tochi. Sikulala usiku ule, nilikuwa nangoja kusikia kelele upande wa Busibwabo. Hazikuja.

Jumapili alasiri nilimwona yule mwanamke wa kikapu sokoni, nikamkimbilia, nikamuuliza kikao kimeamua nini.

"Kikao cha nini tena?" akasema. "Si kile kitu kimeungua? Tumeona wote. Kilichokuwa kinamsumbua mzee kimeisha. Leo kanisani tumemsalimia, mke wa jirani yake amempelekea ugali na mboga. Nyinyi watu wa sabuni mmefanya kazi nzuri, Mungu awabariki."

Nilimshika mkono nikamshukuru. Nilirudi kwa dereva nikicheka, nikamwambia tumeokoa mtu. Hata kama hawakuelewa nilichotaka waelewe, si wamemwacha? Ana nyumba yake, ana kazi yake, majirani wamefungua milango. Dereva, ambaye alikuwa anahesabu ni kipande gani cha filamu akikate na kukiunga kabla ya mkubwa wetu kugundua, aliendelea na mkasi wake. Lakini mimi nililala usingizi mzito.

Jumatatu tulikuwa tunaondoka. Niliamka mapema nikakuta debe la maji limechemshwa kama zamani. Nilikuwa nanawa uso pale bombani nyuma ya stoo, kumepambazuka lakini ukungu haujainuka, nikasikia mguu ukiburutwa kwenye kokoto. Nikajua ni yeye, na bado nikageuka haraka.

Nilimwambia hongera, nimesikia mambo yametulia. Akasema ndiyo, yametulia, wamekuwa wazuri sana. Wanamletea chakula. Alisimama pale akizungusha kofia yake mikononi.

"Wanasema nilikuwa na kitu na sasa kimetoka," akasema. "Wote wanasema. Hata katekista. Watu wengi hivyo, kijana, wanaweza kukosea wote?"

"Wamekosea, mzee. Ni mimi nilikosea kwanza. Lile neno la mlosi nililisema mimi." Hatimaye nilimwambia yeye mwenyewe. Lilitoka jepesi tu, baada ya siku nne za kulimeza.

Hakuonekana kulisikia. Aliweka kofia juu ya bomba, akavua koti la jeshi, akavua shati. Alikuwa amekonda kuliko nilivyodhani. Akanipa mgongo, palepale kwenye baridi, akainama kidogo.

"Mimi niko peke yangu," akasema. "Tangu mama wa watoto aende, sina mtu wa kuniangalia huku nyuma. Na kazi yangu ni ya usiku, natembea, saa zingine nasinzia nikitembea, sijui nimefika wapi. Niangalie. Kama iko, niambie tu, sitakasirika."

Ulikuwa mgongo wa mzee. Mbavu, uti, kovu dogo begani.

"Hakuna kitu, mzee," nikamwambia. "Hakuna kabisa."

"Hujaangalia. Umesema tu. Angalia na mkono."

Basi nikakausha mkono wangu kwenye suruali, nikaweka kidole juu, chini ya shingo, nikaanza kukishusha polepole kwenye uti wa mgongo wake, pingili moja baada ya nyingine, naye akitetemeka kwa baridi na kungoja. Nimesoma, nimesafiri na sinema nchi nzima, mimi ndiye niliyewaeleza watu kwamba ni mpira. Lakini sitadanganya hapa. Kidole changu hakikuwa kinamtuliza yule mzee. Kilikuwa kinatafuta.